Magoti yanayoubeba mji: joto vuguvugu na viunzi vya gegedu

Kabla jua halijachomoza, reli inayoikata Kibera, Nairobi, huwa imekwisha kugeuka njia ya miguu. Wanaume waliovaa buti zenye madoa ya saruji hufuata mataruma kuelekea Eneo la Viwanda, mmoja nyuma ya mwingine, makoti yamefungwa hadi shingoni. Upande wa pili wa Barabara ya Ngong, kule Kawangware, akina mama hushika njia ya Lavington na Kileleshwa, lesso mabegani, wakaketi kando ya lami kungoja wa kuwaita kufua. Wengi hutembea kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingemeza sehemu kubwa ya kibarua. Kwa hiyo kabla ya karai la kwanza kubebwa na nguo ya kwanza kutiwa majini, magoti yao yamekwisha kufanya kazi.

Kwenye mjengo, shughuli ya mapema ni kufunga jukwaa. Vijana husimika miti, huikaza kwa misumari na kamba, hulaza mbao juu yake, kisha fundi hupanda na mwiko wake. Ukuta ukipanda, jukwaa hupanda nao. Ukuta ukishika, miti hufunguliwa na kupelekwa ploti nyingine. Anayehamia katika nyumba hiyo halioni jukwaa lililoijenga.

Wataalamu wa kutengeneza upya tishu za viungo wanafanya jambo lilelile kwa kipimo cha milimita. Wanatengeneza kiunzi laini chenye vitundu vingi, wanakiweka kwenye goti palipobanduka gegedu, na seli zinapata mahali pa kushika na kujenga. Zikishajenga, kiunzi huyeyuka polepole. Katika miaka ya karibuni wameanza kuchunguza kwa makini kitu cha pili ambacho kila nyanya wa Kibera anakijua: joto. Joto wanalolichunguza ni vuguvugu, nyuzi chache tu juu ya hali ya kawaida ya goti, lakini linaonekana kubadilisha tabia ya seli zinazojenga.

Maabara za utafiti huu ziko Lausanne, Gothenburg na miji mingine ya mbali. Magoti yanayouhitaji yako hapa, kwenye ngazi za udongo za Gatwekera, Kibera, na vichochoro vya Gatina, Kawangware.

Ugonjwa wenye jina la baridi

Kiswahili kina jina la kale la maumivu ya viungo: baridi yabisi. Neno yabisi limetoka kwenye Kiarabu na maana yake ni kavu. Jina hilo limebeba nadharia nzima ya utabibu. Tiba iliyofika Pwani pamoja na elimu ya Waarabu, yenye mizizi kwa Wayunani wa kale, iliutazama mwili kama mizani ya joto na baridi, unyevu na ukavu. Kiungo kilichokakamaa kilihesabiwa kuwa kimeingiwa na baridi na kukauka, na dawa yake ikawa kurudisha joto na unyevu. Ndiyo asili ya kukanda kwa maji moto.

Nairobi iko mbali na Mombasa, lakini mazoea ni yaleyale. Jioni, katika chumba cha mabati, kitambaa huchovywa kwenye beseni la maji moto na kulazwa juu ya goti. Wengine hupasha chumvi kwenye sufuria, wakaifunga kwenye kitambaa na kuigandamiza pale panapouma. Wengine hutumia chupa ya maji moto, au dawa ya kuchua inayouzwa kila duka la dawa, ile inayowasha ngozi na kujaza chumba harufu.

Kuhusu hiyo dawa ya kuchua, sayansi ina jibu la kupendeza. Mwaka 1997 kundi la David Julius huko Marekani lilitumia kemikali inayoipa pilipili ukali wake kutafuta kinachotuwezesha kuhisi moto. Likakuta kwenye mishipa ya fahamu mlango mdogo wa protini ambao hufunguka kwa joto kali, na hufunguka vilevile kwa pilipili. Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua milango inayohisi mguso na mgandamizo. Dawa nyingi za kuchua hubisha kwenye milango ya jamii hiyo. Ngozi huhisi moto au ubaridi, akili hushughulika na hisia hiyo, na maumivu hupungua kwa muda, ilhali ndani ya goti joto halijapanda kiasi cha kutajika.

Kitambaa cha maji moto hupenya zaidi kidogo. Hulegeza misuli iliyokaza na kuleta damu kwenye ngozi, na goti lililokakamaa asubuhi hukunjika kwa urahisi. Unafuu huo ni wa kweli. Ila hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba kukanda peke yake kunaotesha gegedu lililokwisha kulika, na sababu iko katika umbile la gegedu lenyewe.

Tishu isiyopata damu

Gegedu ni ule utando mweupe unaong'aa mwishoni mwa mfupa, ambao mtu huuona akila mguu wa kuku. Katika goti la binadamu una unene wa milimita 2 hadi 4 hivi. Sehemu kubwa yake, hadi asilimia 80, ni maji yaliyoshikiliwa na nyuzi za kolajeni na molekuli zinazofyonza maji kama sifongo. Seli hai zilizomo ni chache mno, karibu asilimia 2 ya ujazo wote. Gegedu halina mshipa wa damu wala wa fahamu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo: mtu akikanyaga, maji hukamuliwa, akiinua mguu, ute hurudi ndani na virutubisho vyake.

Umbile hilo lina faida na hasara. Kwa kuwa halina fahamu, gegedu halilalamiki hata likibanwa maelfu ya mara kwa siku. Kwa kuwa halina damu, likichanika hakuna kikosi cha uokoaji kinachofika. Kidole kilichokatwa na kisu huvuja, damu huganda, kovu hufunga. Gegedu hubaki na shimo lake. Mwaka 1743 daktari William Hunter aliandika huko London kwamba gegedu likishaharibika halirudi tena, na kwa zaidi ya miaka 200 madaktari hawakuwa na hoja ya kumpinga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa kulika kwa viungo, ongezeko la asilimia 113 tangu mwaka 1990. Goti ndilo linaloongoza, kwa watu milioni 365, na asilimia 60 ya wagonjwa wote ni wanawake.

Ukitaka kujua kwa nini goti, tazama mtungi. Mtungi wa manjano wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Vipimo vilivyochukuliwa Berlin kwa viungo bandia vyenye vihisi ndani yake vilionyesha kuwa mtu akishuka ngazi, goti hupokea karibu mara tatu na nusu ya uzito wa mwili wake. Mama wa kilo 60 anayeshuka mteremko wa Soweto au Silanga, huko Kibera, mtungi mgongoni, amefika kilo 80. Kwa hesabu ya haraka, kila hatua inaweka kwenye goti mzigo unaokaribia kilo 280. Kisha huyo mama atainama kwa saa nne juu ya karai la nguo za watu.

Ndiyo maana bomba la maji linaweza kuhesabiwa kuwa tiba ya viungo. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede mwaka 2004 akiwa bado mkazi wa Kibera, limepitisha mabomba ya maji juu ya mapaa badala ya ardhini na kuyafikisha kwenye vibanda vya kuuzia maji mtaani. Lengo lilikuwa maji safi na nafuu. Lakini kila mita mia ambayo mtungi haubebwi ni hatua kadhaa ambazo gegedu la mtu limepumzishwa.

Kutoka shimo hadi kiunzi

Jaribio moja kubwa la kumjibu Hunter lilikuwa la fundi zaidi kuliko la mkemia. Katika miaka ya 1980 daktari Richard Steadman wa Colorado alianza kutoboa vitundu kwenye mfupa ulio chini ya gegedu lililobanduka. Damu ya uboho hupanda kupitia vitundu hivyo, huganda, na juu yake huota kitu kama gegedu. Njia hiyo ilienea duniani kwa sababu ni rahisi na vifaa vyake ni vichache. Kasoro yake ni kwamba kinachoota ni gegedu la nyuzinyuzi, gumu kama kovu, ambalo mara nyingi huchakaa baada ya miaka michache.

Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg, Uswidi, walitangaza njia nyingine. Walikuwa wamechukua kipande kidogo cha gegedu zima kutoka kwenye goti la mgonjwa, wakakuza seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakazirudisha kwenye shimo na kulifunika kwa kiraka cha utando wa mfupa. Wagonjwa walikuwa 23. Kwa mara ya kwanza, dunia ilisoma ushahidi kwamba seli za gegedu za mtu mwenyewe zinaweza kurudishwa kazini.

Tatizo likawa jinsi ya kuzishikilia. Seli zilizomwagwa kama maji huvuja, hukusanyika upande mmoja, hufa. Hapo ndipo kiunzi kilipoingia. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha MACI, seli za mgonjwa zilizopandwa kwenye kitambaa cha kolajeni ambacho daktari hukikata kwa umbo la shimo na kukibandika. Kolajeni hiyo hutoka kwa nguruwe. Kwa Wanubi wa Makina, jamii ya Kiislamu inayoishi Kibera tangu ilipokuwa bado msitu, asili ya kitu kinachobandikwa mwilini si jambo dogo, na daktari atakayekuja kutoa huduma hiyo hapa itambidi aieleze wazi kabla ya mgonjwa kulala kitandani.

Bahati njema, malighafi ni nyingi. Kitosani, sukari ndefu inayopatikana kwenye magamba ya kamba na kaa, imekwisha kutumika kutengeneza jeli ya kuimarisha damu inayoganda kwenye shimo la gegedu. Machi 2022 Marekani iliidhinisha Agili-C, kipandikizi kilichotengenezwa kwa madini ya matumbawe, baada ya majaribio yaliyohusisha wagonjwa 251. Vitundu vya matumbawe vinafanana na vya mfupa, na seli huingia humo kama wapangaji. Hariri nayo, ikishaondolewa gundi yake, huwa nyuzi imara ambazo mwili huzivumilia vizuri. Mwani mwekundu hutoa karajinani, jeli ambayo imejaribiwa maabara kama nyumba ya seli za gegedu.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisoma orodha hiyo anakuta majina ya kwao. Mwani mwekundu hulimwa na akina mama wa Kibuyuni, kaunti ya Kwale, na wa Zanzibar, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilichoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiliwafunza wakulima wa Mwingi na Kakamega kuvuna hariri ya porini. Magamba ya kamba hutupwa kila siku. Hadi leo sehemu kubwa ya vitu hivi hutupwa au huuzwa ikiwa ghafi, na bidhaa zake hurudi kwa bei ya juu. Gegedu linaweza kuwa sababu moja zaidi ya kuvitazama upya.

Inzi, kitotoleshi na joto la mbio

Hadithi ya joto ilianza kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanabiolojia Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza mabuu ya inzi wa matunda. Mtu mmoja maabara akapandisha joto la kitotoleshi bila yeye kujua. Ritossa alipotazama kwenye darubini, kromosomu za inzi zilikuwa zimevimba mahali ambapo hazikuvimba kabla, ishara kwamba jeni fulani zimeamshwa. Alichapisha ugunduzi huo mwaka 1962. Baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo hutengeneza protini za kinga, zinazozizunguka protini nyingine za seli na kuzizuia zisipinde wala kuharibika. Karibu kila kiumbe hai kinazo. Seli ikipashwa kidogo hujiandaa, na ikishajiandaa huhimili mateso ambayo yangeiua.

Seli za gegedu hufanya hivyohivyo, nazo zina siri ya ziada. Goti la mtu aliyetulia lina joto la chini kuliko sehemu nyingine za mwili, karibu nyuzi 32 au 33. Akikimbia saa moja, hupanda hadi kukaribia 37 au 38. Sehemu ya joto hilo hutoka kwenye gegedu lenyewe: kila linapobanwa na kuachiwa, nishati kiasi hupotea kwa msuguano wa ndani na kugeuka joto, kama mpira unavyopata moto ukipindwapindwa.

Kundi la Dominique Pioletti katika chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi, liliuliza swali ambalo wengi hawakuwa wameliuliza: je, joto hilo ni taka tu, au seli hulisikiliza? Walitia seli za binadamu ndani ya jeli, wakazibana kama zinavyobanwa mtu akitembea, na wakapandisha joto kutoka takriban nyuzi 32 hadi karibu 39. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Mgandamizo peke yake uliziamsha seli kiasi. Joto peke yake liliziamsha kiasi. Viwili pamoja viliziamsha zaidi, na seli zikatengeneza kwa wingi vijenzi vya gegedu halisi.

Sababu inaelekea kuwa kwenye milango ileile ya jamii ya pilipili. Seli za gegedu zina mlango uitwao TRPV4, ambao kundi la Farshid Guilak huko Marekani lilionyesha mwaka 2014 kuwa ndio hupokea habari za mgandamizo. Mlango huo hujibu pia uvuguvugu. Ukifunguka, kalsiamu huingia, na seli hupata agizo la kujenga. Kwa maneno mengine, gegedu limeumbwa kusoma mwendo kwa lugha mbili kwa pamoja, uzito na joto.

Kutoka hapo njia tatu zinafuatwa. Ya kwanza ni jeli inayojipasha yenyewe, iliyotengenezwa ili mgonjwa akitembea igeuze sehemu ya nguvu ya hatua zake kuwa joto, kama gegedu zima lifanyavyo. Ya pili ni kuchanganya kwenye kiunzi chembe ndogondogo zinazofyonza mionzi ya infraredi. Daktari humulika goti kutoka nje na chembe hupata joto la nyuzi 40 hivi. Njia hii ingali kwenye majaribio ya panya na sungura. Ya tatu hutumia joto la mwili kama fundi: kimiminika cha kitosani kikiwa baridi hupita kwenye sindano, kikifika ndani ya goti hushikana, kama uji unavyoshikana ukipata moto, na kulijaza shimo hata likiwa na kingo zisizo sawa.

Mpaka wa usalama ni mwembamba. Nyuzi 39 hadi 42 huiamsha seli. Zikizidi 43 kwa muda, seli huanza kufa. Madaktari walijifunza hili kwa gharama. Katika miaka ya 1990 ilitokea mtindo wa kukaza mabega yaliyolegea kwa kuyapasha kwa kifaa cha umeme hadi zaidi ya nyuzi 60. Mabega mengi yalilegea tena, na baadhi ya wagonjwa, wakiwemo vijana, walipoteza gegedu lote. Upasuaji huo ukaachwa.

Jirani wa hospitali kuu

Kutoka Laini Saba hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni mwendo mfupi kwa miguu. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na leo ndiyo ya rufaa kwa nchi nzima. Hospitali ya Mbagathi iko ukingoni mwa Kibera. Mkazi wa Kawangware anaweza kwenda PCEA Kikuyu, inayojulikana kwa kazi ya mifupa na viungo. Wataalamu wako. Magoti hubadilishwa kwa ya chuma na plastiki katika hospitali za Nairobi, kwa mamia ya maelfu ya shilingi.

Viunzi vyenye seli ni daraja jingine la gharama: Marekani hufikia makumi ya maelfu ya dola kwa goti moja. Isitoshe, kwa sehemu kubwa vimejaribiwa kwa mashimo yenye mipaka, kama ya kijana aliyeumia akicheza kandanda kwenye uwanja wa Kamukunji wa Kibera au mwendeshaji bodaboda aliyegonga goti kwenye lami. Goti la mama wa miaka 60 ambalo gegedu limelika pande zote halijapata kiunzi cha kulirudisha.

Bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya awali, NHIF, mnamo Oktoba 1, 2024. Mchango wake ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi ametakiwa kulipa wa mwaka mzima. Kwa kima cha chini ni shilingi 3,600. Kwa mtu anayelipwa jioni kwa kazi aliyofanya asubuhi, kuzitenga hizo zote kwa pamoja ni mtihani mkubwa.

Hata hivyo, kikwazo kizito kuliko pesa huenda kikawa muda. Baada ya kubandikiwa kiunzi, mgonjwa hutembea kwa magongo wiki kadhaa, huongeza uzito mguuni kidogo kidogo, hurudi kwa mtaalamu wa mazoezi mara kwa mara, na mwaka unaweza kwisha kabla hajaruhusiwa kukimbia. Magongo hayapendi tope la vichochoro. Choo cha shimo humtaka mtu achuchumae. Mama fua asiyefika Lavington leo, kesho nafasi yake imekaliwa na mwingine, na watoto hawali. Mtafiti anayebuni kiunzi kwa kumfikiria mgonjwa mwenye likizo ya miezi mitatu amekwisha kumsahau huyu mama kabla ya kuanza.

Hapo ndipo wazo la Lausanne lina thamani ya pekee kwa mitaa hii. Kiunzi kinachopata joto kutokana na hatua za mgonjwa hakihitaji mashine ya bei wala safari ya kliniki kila juma. Kinachohitaji ni mwendo wa kipimo, na mtu wa kuuangalia.

Kinachowezekana leo

Mwendo wa kipimo hauhitaji kungoja viunzi. Mpango ulioanza Denmark mwaka 2013 wa kuwafundisha wagonjwa wa magoti na nyonga mazoezi ya kuimarisha misuli umeenea nchi nyingi, na vifaa vyake ni kiti, mkeka na mwalimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja anayopunguza mtu mnene mwenye ugonjwa huu huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Na wanaodhani mbio humaliza goti watazame hesabu iliyokusanywa kutoka tafiti nyingi mwaka 2017: kulika kwa goti au nyonga kulionekana kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa afya zao, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanaokimbia kwa ushindani. Kiasi ndicho kilichoonekana kulinda.

Kenya ilikwisha kuonja kazi hii. Muongo uliopita, mradi uliopewa jina la Kiswahili, UWEZO, ulifunza wahudumu wa afya kutambua na kutunza maradhi ya viungo, mifupa na misuli. Kibera yenyewe ina somo jingine: shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha kliniki hapo kwa miaka mingi, likatibu kisukari na shinikizo la damu sambamba na HIV, hadi lilipokabidhi kituo cha Kibera South kwa serikali mwaka 2017. Maradhi ya kudumu yalipata mahali katikati ya mtaa. Magoti hayajapata mahali hapo.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Wanaingia kila nyumba. Kuwafunza kuuliza maswali matatu kuhusu goti, kuonyesha mazoezi manne na kujua ni nani wa kumpeleka hospitali hakungeongeza uzito wa mkoba hata gramu moja.

Wangeweza pia kusema wazi kuhusu vidonge. Dawa kali za maumivu, kama dikilofenaki, hununuliwa kama peremende, mbili mbili kwenye karatasi, na humezwa miezi mfululizo. Hupunguza maumivu, kweli, lakini zikitumiwa hivyo zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo.

Na wangeweza kufundisha kukanda ipasavyo. Maji yawe moto wa kuvumilika kwa mkono, kitambaa kikamuliwe, kilazwe dakika 15 hadi 20. Goti lililovimba, lililo jekundu na lenye moto wake lenyewe lisikandwe. Hilo ni la kupelekwa kwa daktari. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni apimiwe maji na mtu mwingine, maana anaweza kuungua bila kujua. Baada ya kukanda, goti likiwa laini, ndio wakati wa mazoezi: kuketi kitini, kuunyoosha mguu mpaka paja likaze, kuhesabu hadi tano, kuushusha. Mara kumi mguu huu, mara kumi ule.

Saa mbili usiku, Kawangware, jiko la makaa hutolewa mlangoni likishapikiwa. Sufuria ya maji hubandikwa juu ya makaa yaliyobaki. Aliyefua tangu asubuhi huketi kwenye stuli, huweka kitambaa gotini, hungoja uvuguvugu uingie, kisha huuinua mguu na kuanza kuhesabu. Nje, mbao za jukwaa zimelazwa chini ya turubai kwenye ploti ya jirani, na saa kumi na mbili alfajiri vijana watazifunga tena.